Jina mupya kwenye mulango, lakini ni nani analipa?

Wandugu vijana, kila mara jengo kubwa linapouzishwa tunaonyeshwa kitu kimoja: enseigne mupya. Muziki, picha, wakubwa wanakata kamba, kisha tunaambiwa mambo yamebadilika. Sisi tunasema: mbele ya kupiga makofi, tuulize wafanyakazi wa zamani wako wapi.

Tuchukue mufano wa mbali, juu mambo yake yalipita wazi mbele ya tribinali: hoteli na kazino Trump Taj Mahal, kule Atlantic City, Marekani.

Donald Trump aliifungua tarehe 2 Aprili 1990. Kwa kumaliza kuijenga alikopa dola milioni 675, na riba ya 14%. Ni kusema dola zaidi ya milioni 94 kila mwaka, riba peke yake! Mwaka 1991 ikaanguka faillite. Wenye kudai wakapewa nusu ya mali, lakini jina la Trump likabaki juu ya jengo. Kampuni ile ilishika kazino zake ikaanguka tena 2004, 2009 na 2014.

Na deni ilimwangukia nani? Mwaka 2014 tribinali iliruhusu kampuni kukata mapatano yake na sendika. Asiransi ya matunzo na pansioni zikaondolewa. Wenye kusafisha vyumba, wapishi, wenye kubeba vinywaji: hao hawakukopa hata dola moja, hawakusaini hata karatasi moja. Lakini njo wao walilipa.

Mwaka 2016 Carl Icahn, tajiri ile alikuwa ameshika deni ya kampuni, akawa patron. Tarehe 1 Julai sendika Local 54 ikaanza mugomo, ikiomba asiransi irudishwe. Hawakusikilizana. Tarehe 10 Oktoba milango ikafungwa, na watu karibu 3,000 wakapoteza kazi. Mwaka 2017 jengo ile iligarimu karibu dola miliari moja ikauzishwa kwa dola milioni 50 tu. Iliuzishwa kwa Hard Rock, kampuni ya kabila la Seminole la Florida, pamoja na washiriki wake. Tarehe 28 Juni 2018 ikafunguliwa na jina mupya.

Wengine watasema: lakini leo kuna kazi pale. Ni kweli, hatufichi. Wafanyakazi wengi wa zamani walirudi, na sendika yao ilipata mapatano na patron mupya. Lakini ile haikuletwa na enseigne. Ililetwa na watu wenye walikataa kunyamaza. Na mwenye aliugonjwa bila asiransi katika ile miaka, nani atamurudishia?

Sasa turudi kwetu. Kinshasa, Inter-Continental ikawa Grand Hôtel, kisha Pullman. Lubumbashi, Karavia pia ikavaa jina la Pullman. Hatusemi kule kulifanyika sawa Atlantic City. Tunasema maswali ni yale yale. Na si hoteli peke yake. Union Minière ilichukuliwa na serkali mwaka 1967, ikaishia kuitwa Gécamines. Kuanzia 2003, wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile iliitwa « départs volontaires ». Wengi walidai haki yao kwa miaka na miaka, wamoja mpaka kufa.

Kwa hiyo tusidanganywe na rangi. Code du travail yetu ya 2002 inasema wazi: patron akibadilika, kontra za kazi zinaendelea na patron mupya. Si zawadi ya mutu, ni sheria ya inchi.

Kama una baba, dada ama rafiki anatumika katika hoteli, kazino ama kampuni yenye inauzishwa, aulize mapema, na kwa maandishi:

- Nani anabaki na deni?
- Kontra yangu inapita kwa nani, na miaka yangu ya kazi inahesabiwa?
- Malipo yangu ya CNSS yalifika kweli?
- Mushahara ile haijalipwa, italipwa na nani, na siku gani?

Wakikosa jibu, wasiende kukata kamba. Wabadilishe enseigne wanavyotaka, lakini haki ya mufanyakazi isishushwe pamoja na ile ya zamani.