Mzee Wetu Hatibiwi Kichwa Pekee

Wacha niseme jambo ambalo familia nyingi hapa Kenya hazipendi kusikia. Mzee wenu mwenye skizofrenia, yule mnayempeleka kliniki kila mwezi kuchukua dawa, ana adui mwingine mbali na zile sauti anazosikia. Adui huyo yuko kwenye mishipa yake ya damu.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye skizofrenia wako kwenye hatari ya kufa mapema mara 2 hadi 3 kuliko watu wengine, na mara nyingi kinachowaua ni magonjwa ya mwili: moyo, sukari, maambukizi. Lakini sisi nyumbani tunauliza maswali mawili tu. Amemeza dawa? Ametulia? Akitulia, tunaona kazi imeisha.

Haijaisha. Baadhi ya dawa hizi, hasa klozapini na olanzapini, huongeza hamu ya kula, uzito na mafuta kwenye damu. Hapo ndipo maneno huanza. "Huyu naye ni kula na kulala tu." Nimeyasikia yakisemwa mbele ya mjomba wangu, mzee wa miaka 67 ambaye amemeza tembe zake miaka na miaka bila kukosa. Ukiniuliza mimi, huo ni ukatili.

Juu sahani peke yake haielezi kila kitu. Jinsi mwili unavyoshughulikia mafuta, kwa sehemu kubwa, tunarithi. Kuna jeni inaitwa APOE, ambayo hutengeneza protini ya kubeba mafuta kwenye damu. Ina aina tatu kuu, na mwenye aina ya e4 huelekea kuwa na kolesteroli mbaya nyingi zaidi, pamoja na hatari kubwa ya Alzheimer uzeeni. Kuna nyingine, MC4R, inayohusika na hamu ya kula, na watafiti wameihusisha na kunenepa kwa watu wanaotumia dawa hizi. Kwa hivyo wazee wawili wanaweza kumeza tembe ileile, wale ugali na sukuma ileile, halafu mmoja damu yake ijae mafuta na mwingine abaki sawa. Ongeza uzee, ambapo mwili unaondoa kolesteroli polepole zaidi, ndio uone mzigo ulivyo.

Najua mtu ataniambia, "Wewe, watu hawana hata nauli ya kliniki, unatuletea mambo ya jeni?" Swali zuri. Lakini sijasema mzee apimwe jeni. Kipimo cha kawaida cha mafuta kwenye damu kinatosha kuonyesha mwili wake umeipokea vipi dawa. Tangu 2004 madaktari wa akili na wa kisukari kule Marekani walikubaliana kwamba mgonjwa apimwe uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta kabla ya kuanza dawa za aina hii, kisha afuatiliwe. Kiuno kinapimwa na tepu ya fundi wa nguo! Na simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hii si anasa ya matajiri.

Kuna upande mwingine unaonikera. Utafiti mwingi wa jeni duniani umefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ilhali 2006, watafiti wa Dallas walionyesha kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliowachunguza walikuwa na mabadiliko kwenye jeni ya PCSK9 yanayoshusha kolesteroli mbaya, na watu hao walipata ugonjwa wa moyo kwa nadra sana. Kutokana na ufahamu wa jeni hiyo zikatengenezwa dawa zilizoidhinishwa 2015. Jeni zetu zina faida kwa dunia nzima. Sasa utafiti wa NeuroGAP-Psychosis umehusisha watu kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, wakiwemo wa Eldoret na Kilifi. Ninachodai ni maarifa hayo yasiishie kwenye majarida ya wasomi. Yarudi kwa yule mzee aliyejitolea, kwenye benchi la kliniki.

Wakati tunangoja, tafadhali usimkatize mzee dawa ghafla eti kwa sababu amenenepa. Ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Zungumza na daktari, kuna dawa mbadala na dozi hurekebishwa.

Mwezi ujao ukimsindikiza baba, shangazi ama cucu kliniki, ongeza swali la tatu: "Daktari, mara ya mwisho mafuta kwenye damu yake yalipimwa lini?" Kama hakuna anayekumbuka, msiondoke hapo bila tarehe ya kupima.