Wagonjwa Si Mazimwi

Mtu apendaye hadithi za kutisha hana kosa, kama apendaye pilipili asivyokuwa na kosa. Lakini pilipili haitiwi katika jicho la mtu mwingine. Sinema ituogofyayo kwa kuwasingizia wagonjwa yafanya hivyo hasa, na hilo ndilo nilipingalo hapa.

Chukua mfano wa sinema ya Marekani iitwayo Session 9, iliyoongozwa na Brad Anderson na kutolewa mwaka 2001. Ilipigwa katika jengo la kweli, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Danvers, jimbo la Massachusetts, ambayo ilifungwa mwaka 1992. Vibarua waingia humo kuondoa asibesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Mmoja wao azikuta kanda za sauti ya mgonjwa wa zamani, akazisikiliza, na uovu ukaamka mpaka damu ikamwagika. Mwishowe twaambiwa ya kwamba uovu hukaa ndani ya watu dhaifu na waliojeruhiwa.

Sikatai kwamba kazi hiyo ina ustadi. Lakini jiulize, msomaji, jengo lile lilijengwa kwa ajili gani? Lilifuata mawazo ya daktari Thomas Story Kirkbride, aliyeamini kuwa mwanga, hewa safi na mahali pazuri husaidia kuponya akili. Lilifunguliwa mwaka 1878 kwa wagonjwa wapatao 500. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 walisongamana humo zaidi ya 2,000. Kitisho kiliingia kwa njia hiyo, wala hakikuletwa na jini. Wengi waliofia humo walizikwa chini ya alama zenye nambari, pasipo majina. Miaka mingi baadaye, watu waliopata kuwa wagonjwa ndio waliojitahidi kuyatafuta majina ya wenzao na kuwarudishia heshima. Basi utu ulitendwa na wale wale ambao sinema yawafanya maskani ya uovu!

Utasema, "Hiyo ni sinema tu." La, ndugu yangu. Wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu, na mara nyingi wao ndio wadhuriwao. Anayefundishwa kinyume cha hayo hujifunza kuwakimbia. Hujifunza pia kujificha: siku huzuni nzito itakapomwelemea, atanyamaza asimwambie mzazi wala mwalimu, kwa maana nani apendaye kuitwa nyumba ya shetani? Na ugonjwa uliofichwa hukosa tiba.

Wala tusiwacheke Wamarekani peke yao. Hapa Kenya, ni mara ngapi umesikia wanafunzi wakiligeuza jina la hospitali ya maradhi ya akili kuwa tusi la mzaha uwanjani? Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Anayecheka leo hajui kesho yake, wala ya ndugu yake.

Sehemu kubwa ya jengo la Danvers ilibomolewa kuanzia mwaka 2006, lakini uzushi juu ya watu waliokaa humo ungali umesimama. Ukitaka kutishwa, tazama sinema yako, uogope, ucheke, ulale. Ila asubuhi ukikutana njiani na mtu aliyeugua akili, msalimu kwa jina lake.