Mshauri wa ofisini ni wako au wa bosi?

Leo siasa naiweka kando kidogo. Nataka tuongee kuhusu ile kesi ya vijana waliokuwa wakichuja Facebook hapa Nairobi. Nikisikiliza watu hapa saiba, wengi wanauliza tu nani atalipwa pesa ngapi. Lakini ndani ya kesi hii kuna kitu kingine kinachotuhusu sisi tunaotafuta vibarua vya mtandaoni kila siku.

Kwa wale hamkufuatilia, hadithi fupi ni hii. Kuanzia 2019 kampuni ya Sama ilikuwa na ofisi Nairobi ambako vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikuwa wanakagua vitu vilivyoripotiwa Facebook kwa lugha za huku kwetu. Ile video ya mtu kuchinjwa ambayo wewe hukuiona, kuna mtu aliitazama ndiyo ikatolewa. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, amesimulia kwamba video ya kwanza anayoikumbuka pale ilikuwa ya mtu kukatwa kichwa. Alifutwa kazi baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki, na Mei 2022 akaipeleka Meta na Sama kortini. Mwanzoni mwa 2023 Sama ikaachana na kazi hiyo, watu kama 260 wakaambiwa kazi imeisha. Wachujaji zaidi ya 180 nao wakaenda kortini.

Sasa sikiza hapa. Desemba 2024 ilijulikana kwamba Daktari Ian Kanyanya wa Hospitali Kuu ya Kenyatta aliwapima 144 kati yao waliojitolea. Asilimia 81 aliwaweka kwenye kiwewe kikali. Tunazungumza kuhusu watu ambao walikuwa wameshaacha ile kazi zamani, si wa jana. Usiku hawalali, wakilala ni ndoto za maiti. Wengine waliishia kwa pombe na dawa, ndoa zikavunjika.

Swali langu ni moja tu. Ofisi ile ilikuwa na washauri nasaha! Sama ilisema iliweka washauri kwa wafanyakazi wake, na Meta husema mikataba yake inazitaka kampuni inazozipa kazi ziwape watu ushauri na matibabu. Basi kama mshauri alikuwepo, mbona watu 144 wamefika kwa daktari wakiwa hali ile?

Jibu rahisi ambalo nimelisikia ni kwamba vijana hawakutaka kusaidiwa, eti "hawa watoto wa siku hizi ni laini". Mimi silikubali. Ukitazama malalamiko yao wenyewe, shida ni namna ushauri ulivyopangwa.

Kwanza muda. Kazi ile ilihesabiwa kwa sekunde, kila video ina dakika zake, na mshahara kwa wengine ulikuwa kama dola 1.50 kwa saa kulingana na jarida la Time la 2022. Kwenda kukaa na mshauri ni kuacha foleni ya video ikikua. Utaenda mara ngapi kabla msimamizi hajaanza kukuangalia vibaya?

Lakini muda ni kidogo, kubwa ni hili la pili: mshauri analipwa na nani. Namjua jamaa mmoja wa mtaani kwetu aliyefanya kazi ya kuchambua picha (kampuni nyingine kabisa, na siitaji). Aliniambia alienda kwa mshauri wa ofisi akasema halali usiku. Wiki iliyofuata msimamizi wake akamuuliza, "siku hizi unalala?" Tangu siku hiyo kila akiitwa kwa mshauri anasema niko poa, anatia sahihi, anarudi kwa mashine. Labda mshauri hakusema kitu, labda msimamizi alibahatisha tu kwa kuona macho mekundu. Haijalishi. Jamaa alishafunga mdomo, na kwa mshauri mdomo ndiyo dawa yenyewe.

Halafu kuna mikataba ya siri. Wachujaji wengi walitia sahihi karatasi za kutosema wanachokiona kazini. Hebu fikiria umeona mtoto anafanyiwa unyama saa nne asubuhi, jioni mke anakuuliza "leo vipi?" na wewe hujui sheria inakuruhusu kusema nini. Kiwewe kinapona kwa kusimuliwa polepole mahali salama, na hapa karatasi imekwambia usisimulie.

Nadhani pia neno lenyewe linatuponza. Tukisikia "ushauri nasaha" tunafikiria mzee anakukalisha chini, anakwambia jikaze, omba Mungu, acha pombe. Nani ana hamu ya kulipia hiyo, na nyumbani inapatikana bure kila Jumapili? Mshauri aliyesomea kiwewe hafanyi hivyo. Atakuuliza sana na kukuamulia kidogo. Anakufundisha jinsi ya kuutuliza mwili ukishtuka, halafu kidogokidogo mnairudia ile picha mpaka ikae kama kumbukumbu, isiwe kitu kinachotokea upya kila usiku. Kikao kimoja hakitoshi. Mara nyingi ni vikao vinane, kumi na kuendelea, na wiki za mwanzo mtu anaweza kujisikia vibaya zaidi. Wengi huachia hapo, wakisema haisaidii.

Korti nayo iliona uzito wa jambo hili. Juni 2023 Jaji Byram Ongaya aliagiza wachujaji wapewe matibabu na huduma ya kisaikolojia inayofaa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya. Kule Marekani, mwaka 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa wachujaji wa huko, angalau dola 1,000 kila mmoja, na waliopatikana wagonjwa waongezewe. Kazi ni ileile, video ni zilezile.

Na msifikiri haya yameisha kwa sababu Sama iliondoka kwenye uchujaji. Wakenya walisoma pia maandishi machafu ili kuifundisha ChatGPT, kwa chini ya dola mbili kwa saa, na vibarua vya namna hiyo bado mnavitafuta hapahapa saiba. Sisemi mtu akatae kazi. Kodi ya nyumba haingoji. Ila kabla ya kutia sahihi uliza: mshauri ni wa nje au wa ndani? Nikienda kwake, muda huo unalipwa? Anachoandika nani anakisoma? Nikiacha kazi leo, naendelea kumuona kwa miezi mingapi? Hili la mwisho ndilo watu husahau, kumbe kiwewe kinaweza kujitokeza ukiwa umeshatoka.

Kwa wale ambao tayari wameumia na hawana bima wala pesa za mshauri wa kibinafsi (maelfu kwa kikao, tuseme ukweli), Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya bure, 1199, unapiga unaongea na mtu. Na kama ulishawahi kujaribu kujiua ukaogopa kumwambia daktari kwa sababu ya polisi, jua kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai ni kinyume cha katiba.

Nimemaliza upande wangu. Wewe uliyefanya kazi hizi, usitaje kampuni wala jina lako, tuambie tu hapo chini: mlikuwa na mshauri? Na ulimwambia ukweli?