MKATABA UNAOMTENGA MTU NA WENZAKE



Baadhi ya ndugu zetu wakiacha kazi huchukua akiba yao wakafungua duka chini ya jina la kampuni kubwa. Mtu hulipa ada ili aruhusiwe kutumia jina hilo, hununua vitu anavyoamriwa, na sehemu ya mapato yake huenda kwa kampuni. Aitwa mwenye duka, lakini ana bwana juu yake kama sisi. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Katika mikataba ya namna hii, hasa kule Marekani, mara nyingi huwamo vifungu viwili. Cha kwanza chasema mkigombana hamwendi kortini, bali kwa mwamuzi. Cha pili chasema kila mtu alete shauri lake peke yake.

Tazameni yaliyotokea. Mtu mmoja wa Great Falls, Montana, alifungua duka la chakula la Subway. Alidai kwamba kampuni ilivunja ahadi juu ya mahali pa duka. Mkataba, katika ukurasa wa 9, ulimtaka aende kwa mwamuzi mjini Bridgeport, Connecticut, upande wa pili wa nchi. Sheria ya Montana ilitaka kifungu kama hicho kionyeshwe ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari. Mwaka 1996 Korti Kuu ya Marekani iliitupa sheria hiyo.

Mwaka 2013 ikawa zamu ya wafanya biashara waliopokea kadi za American Express. Hawa walikuwa na mkataba wa namna nyingine, lakini kifungu ni kile kile. Mwenye mkahawa mmoja wa Oakland hangeweza kupata zaidi ya dola 38,549, na kumlipa mtaalamu wa kuthibitisha madai kungeweza kupita dola 1,000,000. Wakaomba washtaki pamoja wagawane gharama. Korti ikakataa. Je, nani atauza ng'ombe ili adai kuku?

Mwaka 2018 korti hiyo ikawaambia wafanyakazi vivyo hivyo.

Wengine watasema mwamuzi ni mwepesi kuliko korti, na hata vyama vya wafanyakazi huenda kwa waamuzi. Ni kweli. Sisi hatumpingi mwamuzi. Lakini chama kikienda kwake kina watu wote nyuma yake, na masharti yamejadiliwa mezani. Mwenye duka amepewa karatasi iliyokwisha pigwa chapa, akaambiwa atie sahihi au aondoke.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 22, yamruhusu mtu kwenda kortini kwa ajili ya kundi zima haki zao za Katiba zikivunjwa. Lakini Sheria ya Usuluhishi ya 1995 yaitaka korti, kwa kawaida, isimamishe shauri ambalo watu waliahidiana kumpelekea mwamuzi. Basi asitie mtu sahihi akitumaini kuokolewa baadaye.

Kabla ya kushika kalamu, uliza mambo matatu: shauri litasikizwa mji gani? Nani atamlipa mwamuzi? Naweza kuja pamoja na wenzangu? Jibu la tatu likiwa hapana, usitie sahihi siku hiyo. Lete mkataba ofisini tuusome pamoja. Kampuni haiji peke yake. Yaja na mawakili wake. Kwa nini wewe uahidi kuja peke yako?

Umoja ni nguvu.