Tuulize Kwanza Kumvi Zitakwenda Wapi

Nasema na jamaa zangu, walioko hapa Maskati, walioko Salala, na walioko Uingereza na kwengineko. Mwaka huu sina habari za harusi wala za safari. Nina neno moja tu juu ya mchango wetu, na nawaomba wakubwa wangu wanisikilize mpaka mwisho kabla ya kunikatalia.

Mnajua kwamba tulipokutana baada ya Idi tulikubaliana kuwachangia ndugu zetu wa Ujiji mashine ya kukoboa mpunga. Fikra ni njema, wala siipingi. Lakini niliuliza swali moja na watu wakacheka: kumvi zitakwenda wapi? Mjomba mmoja akanijibu, "Zitakwenda zinakokwenda siku zote." Nami najua zinakokwenda, maana nimezaliwa huko. Hurundikwa nyuma ya mashine, hutiwa moto, na moshi wake hufuka mchana na usiku, watoto wakikohoa. Na hatua chache kutoka hapo, mama zetu hununua mkaa.

Tufanye hesabu ndogo. Katika kila kilo 100 za mpunga, kilo kama 20 ni kumvi. Na kilo 2 za kumvi zina joto linalokaribia la kilo 1 ya mkaa. Basi mashine ikikoboa magunia 10 ya kilo mia mia kwa siku, itaacha kumvi kilo 200, yaani joto la kilo kama 100 za mkaa. Hicho ndicho tunachokichoma bure nyuma ya nyumba, halafu tunatuma fedha za kununulia mkaa.

Na tusiseme kwamba hatukufundishwa. Hapa Omani wazee wetu hawakutupa kitu cha mtende: makuti yalijengewa, nyuzi zilisokotwa kamba, kokwa za tende walilishwa wanyama. Kule Ujiji, marehemu mama alipomaliza kukamua mawese, makapi ya chikichi aliyaanika juani akayatumia kuwashia moto wa kesho. Wala hakuwa amesoma kitabu cha nishati. Aliona tu kwamba kitu chenye mafuta hakitupwi.

Mawese nayataja kwa sababu jambo hili ni moja. Tangu mwaka 1917 wa wenzetu wa Malaysia walipoanza mashamba makubwa ni mbali. Nitasema ya karibu. Viwanda vya Malaysia huchoma nyuzi na maganda ya kokwa kupata mvuke wa kuendeshea kiwanda chenyewe, na mashazi matupu hurudishwa shambani yakawa mbolea. Lakini maji machafu ya kukamulia, ambayo kwa kila tani 1 ya mafuta hupita tani 2, yaliharibu mito yao mpaka serikali ikaweka sheria mwaka 1977. Baadaye wengine wakayafunika mabwawa yale na kuivuna gesi yake, kwani maji hayo yakioza hutoa gesi inayowaka. Nasi Kigoma tangu 2018, pale aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alipolisimamia zao la michikichi, miche mipya inapandwa. Mafuta yakizidi, uchafu utazidi. Ni bora tufikiri sasa kuliko kulia na mto baadaye.

Sasa nitaungama kosa langu, ili asije mtu akanitolea. Miaka mitatu nyuma mimi na kaka zangu tulipeleka mashine ya kushindilia kumvi ziwe vipande vya kuni. Aliyetuuzia alituapia kwamba itadumu miaka. Haikumaliza msimu mmoja. Parafujo lake lililika kama lililopigwa tupa. Sababu ni kwamba ndani ya kumvi mna silika, kitu kile kile kilicho katika mchanga, nayo hula chuma. Mwuzaji alikosa, lakini na sisi tulikosa, maana hatukumwuliza fundi yeyote wa kule. Chuma kile bado kipo uani, kuku wanalala juu yake.

Kwa hiyo wanaoniambia "tulijaribu ikashindikana" nawajibu hivi: kilichoshindikana ni mashine, si kumvi. India na Vietnam wachoma matofali hutumia kumvi bila ya kuzishindilia, na Vietnam kina mama wanayo majiko maalumu ya kuzichomea kama zilivyo. Huko Bihar, India, mwaka 2007 vijana waliwasha taa za kijiji kwa gesi ya kumvi. Hata majivu yana kazi, kwani sehemu kama tisa katika kumi ni silika. Yakipatikana kwa moto usiozidi digrii 700 hivi, kisha yakasagwa, hushikana na chokaa na hupunguza saruji. Ila yakiungua kwa moto mkali mno hulala kama mchanga mtupu. Basi asitokee mtu akayazoa jaani akajengea nguzo.

Lipo jambo moja linalonitia hofu kuliko mashine. Dada yangu wa Ujiji aliniandikia: "Kaka, msije mkazitia bei. Hizi kumvi wachoma matofali na wenye kuku huchukua bure." Maneno haya yalininyima usingizi. Tunaweza kwa nia safi kabisa kumnyang'anya maskini kitu pekee alichokuwa akikipata bila ya fedha.

Hivyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, iandikwe katika makubaliano ya mashine kwamba nusu ya kumvi itabaki bure kwa majirani, na hakuna ruhusa ya kuzichoma jaani. La pili, nusu iliyobaki itumike pale pale, katika tanuri la matofali na jiko la skuli, kwani kumvi ni nyepesi na gari likizibeba mbali hubeba hewa. Serikali yenyewe imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi, tusingoje kusukumwa. La tatu, fedha za jiko zisinunue kitu cha kutoka nje, bali zimlipe fundi wa hapo Ujiji alitengeneze, alijaribu, na likiharibika alirekebishe.

Gharama itaongezeka kidogo, sikatai. Mimi na kaka zangu tutaanza kutoa, iwe ndiyo kafara ya kile chuma cha uani. Na katika mkutano ujao nitauliza tena swali lile lile. Atakayecheka na acheke, lakini ajibu.

Wassalaam.