Tunasali ili Nani Abadilike?



Wapendwa waamini, tafakari ya juma hili inahusu swali ambalo hata mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza anaweza kulijibu: Mkristo anasali kwa ajili gani? Jibu tunalijua kwa midomo. Mwenendo wetu, hata hivyo, unashuhudia kwamba wengi wetu tumekwisha kulisahau.

Kuna muumini anayeshiriki Misa Takatifu asubuhi, na alasiri yuko uwanjani ananunua chupa ya maji ya upako. Ukimwuliza sababu, anajibu bila haya: “Padre, huko maombi yanajibu haraka.” Jibu hilo ni fupi, lakini limebeba imani nzima, na imani hiyo siyo ya Kikristo. Kwake sala ni fedha, Mungu ni mwenye duka, na mhubiri ni dalali anayejua bei.

Tusidhani kwamba kosa hili halina madhara. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Marehemu wale siwalaumu hata kidogo. Tuwaombee pumziko la milele. Ninalolilaumu ni fundisho linalomwambia maskini kwamba neema ya Mungu imemwagwa mahali fulani sakafuni, na atakayechelewa ataikosa. Je, Baba wa mbinguni huwagombanisha watoto wake namna hiyo? La hasha!

Turudi kwenye Maandiko Matakatifu. Katika mlima Karmeli (1Fal 18), manabii wa Baali walipiga kelele tangu asubuhi, wakarukaruka, wakajikatakata kwa visu, wakiamini kwamba mungu wao angelazimika kuitika. Eliya alisali kwa maneno machache tu. Aliomba nini? Aliomba watu wajue kwamba Bwana ndiye Mungu, na kwamba ndiye anayeigeuza mioyo yao imrudie. Moto ulishuka, ndiyo, lakini lengo la sala lilikuwa mioyo ya watu. Leo tunautaka moto, na mioyo tunaiacha ilivyo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha wazi kwamba hatusali ili tubadilishe mpango wa Mungu, bali ili tupokee yale ambayo Yeye mwenyewe amepanga kutujalia kwa njia ya sala. Naye Mtakatifu Augustino alimwandikia Proba, mjane wa Kirumi aliyekimbilia Afrika baada ya Roma kutekwa mwaka 410, akimweleza kwamba Mungu anayajua mahitaji yetu kabla hatujaomba. Anatutaka tuombe ili hamu yetu ipanuke, tuweze kupokea anachotuandalia. Kumbe anayepaswa kubadilika katika sala ni mwenye kusali!

Mtu atauliza: “Lakini Yesu hakutuambia tuombe, nasi tutapewa?” Ndiyo, alituambia, na tunapaswa kuomba mkate, afya, ada za watoto na mvua. Baba Yetu yenyewe ina ombi la mkate wa kila siku. Lakini tuyasome maneno yake mpaka mwisho. Katika Injili ya Luka (11:13), zawadi ambayo Baba huwapa wamwombao ni Roho Mtakatifu. Tena ombi la mkate linatanguliwa na ombi kwamba mapenzi ya Mungu yatimizwe. Sisi tumeupindua mpangilio: tunamtumia Mungu orodha ya mapenzi yetu, kisha tunamhesabia siku.

Na tusiwanyoshee kidole wengine tu. Ugonjwa huu umo pia ndani ya nyumba yetu. Wapo wanaosambaza novena kwa simu wakidai kwamba “haijawahi kushindwa”, na kwamba asiyeituma kwa watu kumi atapata balaa. Wapo wanaovaa Rozari kama hirizi lakini hawaisali. Wapo wanaodhani kwamba nia ya Misa yenye sadaka kubwa husikilizwa mapema zaidi. Simoni mchawi naye alileta fedha mbele ya mitume ili anunue kipaji cha Mungu, na jibu alilopewa na Petro (Mdo 8:18-24) liko pale pale hata leo.

Kanisa halikatazi kuwaombea wagonjwa. Linayo Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa (Yak 5:14-15), na halitozi bei. Yoshua bin Sira (38:1-14) anamwagiza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake, kwani naye ameumbwa na Bwana. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili athibitishe imani yake anamjaribu Mungu, tena kwa kutumia mwili wa mtu mwingine.

Lakini ukatili mkubwa kuliko wote huja baadaye, mtoto anapokufa na mama yake kuambiwa: “Imani yako ilikuwa haba.” Mama huyo anazika mara mbili: anamzika mtoto, na anamzika Mungu aliyemtumaini. Nawauliza wasemao hivyo: imani ya Paulo ilikuwa haba alipoomba mara tatu aondolewe mwiba, asiondolewe, akajibiwa kwamba neema yamtosha (2Kor 12:7-9)? Na Mwana wa Mungu katika Getsemane (Mk 14:36), aliyeomba kikombe kimwepuke, kisha akakinywa, je, naye imani yake ilipungua? Sala ile ya Getsemane ilimpa nguvu ya kusimama na kumwendea msaliti wake. Hiyo ndiyo sala iliyojibiwa.

Basi, wapendwa, tusiipime sala kwa kuangalia tu tumepata nini. Tujiulize: tangu nianze kusali, nimemsamehe nani? Hasira imepungua nyumbani? Mgonjwa wa jumuiya yangu ndogo ndogo amenikuta kitandani pake? Kama majibu yote ni hapana, mikesha yetu ni kelele za Karmeli.

Ombeni bila kuchoka, lieni mbele za Bwana, mwambieni kila kitu. Kisha mwacheni awe Mungu.

Mungu awabariki nyote.