Ushahidi upi tena?

Eti nilete "ushahidi zaidi". Ndivyo alivyonijibu karani wa ofisi moja ya kumbukumbu za jeshi wiki iliyopita, nilipoomba rekodi ya babu yake baba yangu, askari wa Keya, isahihishwe. Cheti chake cha kuachishwa jeshi kinasema alikuwa Burma mwaka 1944. Sehemu ya medali? Tupu.

Jamani! Nyota ya Burma haikuwa tuzo ya ushujaa ambayo mpaka afisa akupendekeze. Ilikuwa haki ya kila askari aliyetumikia jeshi ndani ya Burma kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Cheti kimeshajibu kila kitu, anatakiwa mtu wa kukisoma tu.

Najua wapo watakaoniambia mzee keshakufa, nikanunue nyota mnadani niitundike ukutani. Kununua ni rahisi mno! Waingereza walizitoa nyota za vita vile bila kuchonga jina la askari. Ndiyo maana nang'ang'ania karatasi. Bila rekodi, nani atajua kama mwenye nyota alivuka mto Chindwin na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, au aliiokota Kariakoo? (Na Kariakoo yenyewe imepata jina kutokana na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Tumewasahau nao.)

Jumatatu narudi pale na nakala tatu za cheti kilekile. Sina kingine cha kuwapelekea.